Magunia Yenye Fundo Langu

Ti. Ti. Ti.

Kijiko kilikuwa kinagonga jikoni, kabla hata jogoo wa kwanza hajasafisha koo. Nilifumbua macho nikabaki nimelala, mkono juu ya shuka, nikisikiliza.

Kijiko kikigonga glasi hutoa sauti nyembamba. Hii haikuwa nyembamba. Kijiko kilikuwa kinasukuma kitu kigumu, na kile kigumu ndicho kilichokuwa kinagonga glasi.

"Mjukuu wangu!" niliita. "Umeshika glasi ipi?"

"Hii ya dirishani, Bibi. Nilitaka kukorogea dawa ya kikohozi, naona umeweka vitu humu ndani. Nivimwage?"

"Usimwage! Usiguse!"

Sijashuka kitandani kwa kasi ile tangu siku mama yake aliposhikwa na uchungu wa kumzaa. Nilifika jikoni bila kandambili. Nikaipokea ile glasi, nikaisogeza kwenye taa.

Peleti tatu zilikuwa zimelala chini ya maji. Nzima. Maji yenyewe safi, unaweza kunawia uso. Nilikuwa nimezitia humo jana kabla ya kulala, na zilikuwa vilevile kama nilivyozitia.

Niliketi kwenye kigoda. Peleti ya mti mtupu ikilala ndani ya maji, huamka uji. Na uji haugongi glasi.

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, ngoja nikukaribishe. Mimi ni mpimaji wa peleti, zile kuni ndogo za unga wa mbao ulioshindiliwa na mashine, unene wa penseli, ambazo watu huzichoma kwenye majiko ya nyumbani yenye feni ndogo. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne.

Nachota kiganja kimoja katikati ya gunia. Si juu, maana juu ni sebuleni, ni pa kuonyesha wageni. Naangalia kama zinang'aa, kama urefu unalingana, kwa sababu ndefu hukwama ndani ya jiko na fupi mno huungua kwa pupa. Nachekecha nione vumbi. Navunja moja karibu na sikio: kavu husema "ka!", yenye unyevu husema "pu". Naangusha moja majini: nzuri huzama, mbaya huelea.

Mwisho nanusa. Pua ndiyo ilikuwa hakimu. Kazini wananiita Bi Pua, na sijawahi kukasirika.

Gunia likipita, nalifunga kwa uzi, fundo la vitanzi viwili ambalo nilifundishwa na mama yangu. Kila wiki uzi wa rangi yake. Wiki hii ninayoisimulia uzi ulikuwa wa kijani.

Wiki iliyopita niliungama hapa hapa kwamba homa ilinishika, na ilipoondoka iliondoka na pua yangu. Miezi miwili sikumwambia mtu. Nilikuwa nainua kiganja, nafumba macho, navuta pumzi, naitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa sala, halafu nafunga fundo.

Leo naungama kilichofuata.

Mjukuu wangu anafundisha watoto wadogo kusoma, kwa hiyo uongo anaujua ukiwa bado mlangoni. Aliniangalia pale kwenye kigoda.

"Bibi, hizi zinanuka nini?"

"Kuni."

Akaenda kwenye rafu, akarudi na kifuniko cha chupa, akakisogeza chini ya pua yangu.

"Na hii?"

"Kahawa."

Alikirudisha kifuniko mahali pake polepole, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

"Ni mafuta ya taa, Bibi."

Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Tangu lini?"

"Tangu homa."

"Na mimi ninayelala chumba cha pili hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba Bi Pua amebaki Bi mtupu?"

Alicheka bila kutaka, halafu akaanza kulia bila kutaka. Kisha akapangusa macho kwa kanga, akatoa peleti moja kutoka mfuko wa aproni yangu, akainusa yeye.

"Inanuka kabati jipya," alisema. "Kama lile la chumba cha walimu. Siku ya kwanza lilipoletwa tulifungua madirisha yote."

Gundi.

Gundi huifanya peleti ing'ae. Huifanya ilie "ka!" kama chaki. Huizamisha majini kama jiwe. Vipimo vyote vilivyonibakia, gundi ilikuwa inavifaulu kuliko mti wenyewe. Magunia arobaini nilikuwa nimeyasifu kwa sauti. "Hizi ndizo peleti!" nilisema, mbele ya watu.

Maji yangeniambia, lau ningeyapa muda. Zamani nilikuwa naiacha glasi mezani mpaka chai ya saa nne, ndipo naiangalia. Lakini Meneja wetu mpya ana haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni. "Imezama, Bi Pua? Basi mwaga, lete nyingine." Nikazoea kumwaga, kwa kuwa pua ilikuwapo kumalizia. Pua ilipoondoka, mkono uliendelea kumwaga, mpaka jana wasiwasi uliponifanya nizilaze tatu za magunia yale nyumbani.

"Moshi wa gundi unamfanya nini mtu?" mjukuu aliuliza.

"Macho yanawasha. Koo linakauka. Mwenye kifua kibovu..."

Alinivisha kitambaa kichwani. Akaifunga glasi kwa taulo dogo na kuiweka kwenye kikapu, maji yake yote.

"Majiko ya jioni yanawashwa saa kumi na mbili," alisema. "Nenda, Bibi. Nami nitawaambia shuleni naumwa."

"Usidanganye kwa ajili yangu. Nenda ukafundishe. Waongo tumetosha nyumba hii."

* * *

Fundi wa mashine tunamwita Chuma, kwa kuwa ni mwembamba kama msumari. Asubuhi anashindilia, mchana anapakia magunia kwenye pikapu na kuyapeleka nyumbani kwa wateja. Nilimkuta anaipaka mashine mafuta.

"Chuma, magunia ya uzi wa kijani ulitumia unga gani?"

Aliiona glasi. Akaacha kupaka.

"Bi Pua, kaa kwanza."

"Sikai. Unga gani?"

"Si unajua mvua ile ililowesha unga wetu wote? Meneja akaleta unga wa karakana ya makabati. Zile mbao zinazogandishwa kwa gundi. Nikamwambia, bosi, Bi Pua atayakataa magunia yote haya. Akaniambia, basi mwache ayakatae."

"Na wewe?"

"Nikakaa nangoja uyakatae. Ulipofunga fundo la kwanza nilishtuka. La pili, nikajisemea, labda bibi anajua jambo nisilolijua. Miaka kumi na minne si mchezo. Mimi ni nani nimfundishe Bi Pua kunusa?"

"Mwanangu, mimi sinusi. Tangu homa."

Kitambaa cha mafuta kilimdondoka.

"Nilikuona wewe unayajaza bila neno," nilimwambia. "Nikajisemea, Chuma angeona kasoro, angesema."

Ndivyo ilivyokuwa. Yeye aliniachia mimi, mimi nikamwachia yeye, na katikati ya heshima zetu magunia arobaini yakapita mlango mkubwa.

Nilidhani atanikaripia. Alichofanya ni kunivutia sanduku nikae, akalifuta kwanza kwa shati lake. Sitasahau kwamba alilifuta kwanza.

Meneja akaingia wakati huo huo, anang'aa kuliko peleti.

"Bi Pua! Wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta. Watu wanasifu mpaka wamechoka! Hazina vumbi, hazivunjiki, hawajapata kuona mfano wake. Leo nataka ufunge mengine sitini."

"Nimekuja kuyarudisha yale arobaini."

Alicheka. Aliponiona sicheki, alirudi akaufunga mlango.

"Utawaambia nini watu? Kwamba mpimaji wetu hana pua?"

"Ndiyo."

"Na nani alifunga magunia?"

"Mimi."

"Basi elewa. Jina langu haliko kwenye gunia hata moja. Fundo ni lako."

"Ndiyo maana nayafuata mimi."

"Kwa miguu? Pikapu haitoki hapa."

Chuma alikuwa ameshachukua ufunguo ukutani.

"Bosi, naenda kutia upepo tairi."

"Tairi lipi?"

"Yote."

Alinipandisha mbele kwa kunishika kiwiko. Nyuma yetu Meneja alikuwa anapiga kelele kwamba tukitoka tusirudi. Nilimsikia vizuri. Masikio bado ninayo.

* * *

Ndugu zangu, hakuna kazi ngumu kama kumnyang'anya mtu kitu kibaya anachokipenda.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mstaafu mwenye magunia manne. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nirudishe hizi? Kwa kosa gani? Mwaka mzima nimechoma mavumbi yenu nikanyamaza. Leo nimepata nzuri mnazifuata?"

"Baba, si nzuri."

"Unamfundisha nani? Tazama fundo hili. Hili ni fundo la Bi Pua. Bi Pua hafungi takataka. Wewe unajua peleti kumshinda Bi Pua?"

"Bi Pua ni mimi."

Alinitazama kutoka kitambaa cha kichwa hadi kandambili.

"Nilidhani una pua kubwa," alisema.

Nikamwonyesha glasi. Nikamwambia tangu jana, baba, tangu jana zimelala majini na hazijalainika, sema wewe mti gani unafanya hivyo. Akachovya kidole, akaziminya. Akaanza kupekecha jicho moja, halafu la pili, kama ndiyo kwanza anakumbuka kwamba yanawasha. Magunia yote manne aliyabeba yeye mwenyewe hadi kwenye pikapu, akamkataza Chuma kumsaidia.

Nyumba nyingine mama mmoja alinitukana.

"Siku tatu macho yananitoka machozi! Nikadhani ni vitunguu! Halafu nikakumbuka sijapika vitunguu! Bibi mzima huna haya?"

"Ninayo, mwanangu. Ndiyo iliyonileta."

Alinitukana tena, lakini wakati huo alikuwa ananiletea kiti na kikombe cha maji. Nilikunywa maji yake na matusi yake pamoja, vyote vilinistahili.

Kila mlango nilisema maneno yale yale. Mimi ndiye niliyefunga. Sinusi. Nilificha. Msiwashe. Kufikia mlango wa kumi nilikuwa nayasema kama mtu anayehesabu, na hilo liliniogopesha zaidi, kwamba mtu anaweza kuzoea hata kuungama.

Saa tisa kasoro tulikuwa na magunia thelathini na nane. Jua lilikuwa bado juu. Nilianza kupumua.

"Bado mawili," nilimwambia Chuma. "Nyumba ya nani?"

Alisogeza gari pembeni, akazima.

"Mbona umezima?"

"Bi Pua, nilikula kiapo nisikuambie."

"Kiapo cha nini tena? Endesha!"

"Kila mwezi nampelekea magunia mawili. Mwaka sasa. Aliniambia siku nitakayomtaja mbele yako, nisikanyage tena mlangoni kwake. Na alikuwa na sharti: yasiwe magunia yoyote tu, yawe yamefungwa na mkono wako. Akipata fundo la mtu mwingine anayarudisha."

Kabla hajasema, nilikuwa nimeshajua. Mwaka sasa. Ni nani mwingine nilikuwa sisemi naye kwa mwaka?

"Ni wifi yako," alisema Chuma.

* * *

Wifi yangu ni mke wa marehemu kaka yangu. Naye ana kifua. Pumu amekuwa nayo tangu msichana.

Sasa naomba mnivumilie, maana dhambi hii ni ya zamani kuliko magunia, na sijapata kuiandika.

Kaka yangu alikufa kwa kifua. Alikohoa miezi sita, akaisha kama sabuni. Siku ya msiba, mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani, nilimnyooshea wifi yangu kidole. Jikoni kwake alikuwa anapikia kuni mbichi, nyumba nyeusi mpaka dari. Nilimwambia, "Moshi wa jiko lako ndio uliomuua kaka yangu."

Alisimama, akachukua viatu vyake mkononi, akaingia ndani.

Tangu siku ile tulipishana barabarani kama watu wawili wenye deni kwa mtu mmoja. Nami nilikuwa najiambia, yeye ndiye aje aombe radhi.

Kumbe alikwenda akanunua jiko la peleti. Akayatupa mafiga. Na kila mwezi akaagiza magunia yenye fundo langu, kwa siri, kwa kiapo.

"Endesha," nilimwambia Chuma.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Niliita hodi mara tatu, nikaingia.

Dirisha la jikoni lilikuwa limezibwa matambara kwa ajili ya upepo wa mvua ile. Jiko limezimika, feni yake imesimama, sufuria juu yake na chakula kilichogandia nusu. Kando, gunia moja halijafunguliwa. La pili limeliwa hadi katikati.

Chuma aliingia nyuma yangu, akaanza kukohoa palepale.

"Bi Pua, hunusi? Humu ndani..."

Akakumbuka. Alikwenda akayang'oa yale matambara na kufungua dirisha.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta. Kwenye msumari, juu ya rafu ya vikombe, zilikuwa zimening'inia nyuzi. Nyekundu, njano, buluu, nyeupe, nyekundu tena. Wengine hukata fundo kwa kisu. Wifi yangu alikuwa analifungua, kitanzi baada ya kitanzi, na kuuhifadhi uzi. Nilizihesabu kwa kidole, ishirini na tatu. Wa kijani ulikuwa wa mwisho, mbele kabisa.

Jirani mmoja akachungulia mlangoni, ana mtoto mgongoni.

"Mnamtafuta mama? Wamempeleka hospitali jana jioni. Alikuwa anapumua kama bomba lililotoboka. Nyinyi ni nani wake?"

Nilitaka kusema wifi.

"Mimi ndiye niliyefunga magunia," nilisema.

* * *

Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imebakiza robo saa. Muuguzi alinisimamisha mlangoni mwa wodi, akakitazama kikapu changu.

"Umeleta chakula? Bado hajaanza kula."

"Nimeleta glasi."

"Ya maji? Hata maji anakunywa kwa kijiko." Halafu akaniangalia usoni, akalegeza sauti. "Mama, usimsemeshe sana. Daktari anasema usiku wa leo ndio mto wake. Akiuvuka, amevuka."

Aliniletea kiti chake mwenyewe kutoka mezani kwake. Nilimwona baadaye akiandika amesimama.

Wifi yangu alikuwa ameegemezwa mito mitatu, barakoa ya oksijeni usoni. Amepungua. Mwaka mmoja tu, na mabega yale aliyokuwa akibebea ndoo mbili yalikuwa kama ya mtoto wa shule.

Alifumbua macho. Akaniangalia kwa muda. Akaivuta barakoa pembeni.

"Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kukuona."

"Mapema. Ungengoja... ungenikuta nimetulia."

"Wifi, rudisha hicho kitu usoni."

"Bado unaamuru watu." Alivuta hewa kwenye barakoa, akaishusha tena. "Nani kakuambia? Yule msumari?"

"Ndiye."

"Sinunui tena magunia kwake."

Akatabasamu kidogo. Tabasamu lile lilinimaliza. Kama angenitukana, ningejua pa kushika.

"Wifi, nina neno."

"Nami ninalo, nitangulie." Alipumzika kati ya kila maneno matatu manne, nami nilikuwa nampumulia moyoni. "Kifua kilipoanza kubana, jirani alisema ni jiko. Nikamwambia si jiko. Jiko lile linachoma fundo la wifi yangu. Yeye... anasema watu vibaya, lakini kuni hakosei. Basi nikaongeza nyingine, nipate joto. Macho yanawasha, naongeza. Mpaka wakanibeba."

Nilishika chuma cha kitanda.

Ningeweza kunyamaza. Naungama hili pia: wazo lilinipitia. Anakufa au anapona, ananiamini, kwa nini nimwondolee imani hiyo? Muuguzi alisema nisimsemeshe sana. Wema wa watu ulikuwa umenipa kila kisingizio.

Nikafungua taulo, nikaiweka glasi kwenye kabati dogo la kando ya kitanda.

"Zimo humu tangu jana," nilisema. "Tazama. Hazijalainika. Ni gundi, wifi. Si kifua chako. Ni kuni zangu. Pua yangu ilikufa miezi miwili iliyopita, nikaogopa kusema, nikaendelea kufunga. Wewe umechoma uongo wangu."

Aliitazama ile glasi. Oksijeni ilikuwa inapiga mluzi mdogo. Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anamenya chungwa, akaacha kumenya.

"Ile siku ya msiba," wifi yangu alisema mwisho. "Ulisema moshi wa jiko langu."

"Nilisema."

"Ulipima?"

Sikuelewa.

"Wewe mpimaji. Unachota katikati ya gunia, si juu. Unavunja, unachekecha, unaweka majini. Mimi... ulinipima kwa kipimo gani? Ulikuja nyumbani kwangu mara ngapi kaka yako akiumwa?"

"Mara mbili."

"Mara moja. Ya pili ulisimama mlangoni."

"Sikupima," nilisema.

"Basi." Alifumba macho. "Mimi ulinikataa bila kupima. Hizi ukazipitisha bila kupima. Bi Pua."

Aligeuza uso ukutani. Mgongo wake ulipanda na kushuka, nikawa nauhesabu. Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimekuja na ombi zuri la msamaha, nimelipanga njia nzima ndani ya pikapu, sasa naliona ni la juu ya gunia, la kuonyesha wageni.

Nje ya dirisha Chuma alikuwa ameegemea gari lenye magunia yote arobaini, yale mawili ya wifi yangu juu kabisa, mikono kichwani. Kazi alikuwa hana, kwa ajili yangu. Mimi vilevile.

Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Muuguzi alinigusa bega.

Nilinyoosha mkono nichukue glasi.

"Iache," ilisema sauti kutoka ukutani.

"Ya nini, wifi?"

Aligeuka polepole. Macho yalikuwa mekundu, na sikujua ni moshi au ni mimi.

"Nitalala naiangalia. Zikilainika kufikia asubuhi, nimekusamehe."

"Hazitalainika," nilimwambia, machozi yakinitoka. "Nimekueleza, wifi. Zile ni gundi. Hata ukiziacha mwezi mzima."

"Nimekusikia. Mimi si kiziwi, nina kifua tu."

Muuguzi akamrudishia barakoa usoni, akanionyesha mlango kwa upole. Nilikuwa nimeshafika katikati ya wodi niliposikia kitanda kinalia. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko, ameivua tena ile barakoa, na muuguzi anahangaika kumlaza.

"Wifi!"

Nilisimama.

"Kaka yako aliniachia neno nikupe. Juu ya kile kikohozi chake... na wewe. Mwaka mzima nimelibeba. Leo pumzi haifiki mwisho wake."

"Niambie kidogo. Neno moja tu."

Alitikisa kichwa. Kifua kilikuwa kinapanda juu na hakishuki. Mkono wake uliipapasa glasi, ukaishika.

"Zisipolainika njoo hivyo hivyo," alisema. "Wifi, njoo kesho. Usisimame mlangoni."